Vitafunwa na Zawadi za Sikukuu za Kutengeneza Nyumbani: Maswali ya Watu wa Mwanza

Maswali haya huja kwa wingi Ramadhani inapoelekea ukingoni, halafu tena kuanzia Novemba. Machache huja mwezi wa sita, watu wanapojiandaa kwenda kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora. Majibu yameandikwa kwa mtu wa Mwanza na jirani zake, kuanzia Kirumba na Igoma hadi Sengerema na Ukerewe. Ni mtu mwenye jiko la mkaa au la gesi la plati moja, hana oveni, na angependa kutumia kilichopo sokoni kwake kabla ya kununua mapambo ya plastiki yatakayopauka Januari haijafika. Hilo la mwisho ni msimamo wangu na sitauficha.

Sijawahi kutengeneza kitu chochote cha sikukuu kwa mikono yangu. Nianze na nini?

Anza na karanga. Huku Kanda ya Ziwa zinapatikana karibu kila genge. Nazi inaletwa kutoka Pwani na bei yake inakuja na nauli ndani yake, kwa hiyo kashata za nazi utazijaribu ukishazoea sukari na moto. Ukiwa na kilo moja na nusu ya karanga unatoa vitu vitatu: karanga za chumvi, karanga za mayai na kashata. Sahani moja yenye vyote vitatu inamtosha mgeni yeyote.

Kazi ya kwanza ni kuchambua. Mwaga karanga kwenye ungo mchana, penye mwanga, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Hapo tunaogopa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Karanga za bei ya kutupa ambazo robo yake inaishia kwenye taka si za bei ya kutupa.

Karanga za mayai zangu huvua ganda lote kwenye mafuta. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni haraka. Ganda lile hujengwa kidogo kidogo. Kwa nusu kilo ya karanga andaa mayai mawili, sukari vijiko vitano vya chakula, chumvi kidogo na unga wa ngano robo kilo. Kaanga karanga kavu kwanza kwa moto mdogo na uziache zipoe kabisa, maana zikiwa na joto zitaivisha yai kabla unga haujashika. Piga mayai na sukari mpaka sukari iyeyuke.

Mimina yai kidogo juu ya karanga, koroga zote zilowe, nyunyiza unga, kisha tikisa bakuli kwa mzunguko mpaka kila punje ijitenge na mwenzake. Rudia yai, rudia unga. Raundi tatu au nne zinatosha. Baada ya hapo zipepete kwenye chekecheo ili unga uliolegea udondoke. Huo unga uliolegea ndio unaochafua mafuta na kuyafanya yatoe povu. Ziache zipumzike robo saa hivi ganda likauke, ndipo uzikaange kwa mafuta ya moto wa kati, chache kwa kila awamu. Zitoe zikiwa bado hazijafika rangi unayoitaka, kwa sababu zinaendelea kuiva zikiwa nje.

Iliki ya kusaga ndani ya unga inapendeza. Vanila sioni kazi yake hapa.

Kashata zangu hung'ang'ania meno badala ya kuvunjika. Nimefuata vipimo vyote.

Vipimo havina shida, shida ni hatua ya sukari. Kwa nusu kilo ya karanga zilizokaangwa na kumenywa, sukari robo kilo na maji robo kikombe yanatosha. Acha ichemke bila kukoroga sana mpaka maji yaishe na rangi ianze kuwa ya dhahabu. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likinyumbuka bado, likivunjika kwa mlio tayari. Hapo hapo tia karanga na chumvi kidogo, geuza mara chache, mwaga kwenye kibao cha chapati kilichopakwa mafuta, sukuma na ukate kwa kisu kilichopakwa mafuta. Una kama dakika mbili tu, kwa hiyo kibao na kisu viwe tayari kabla ya kuwasha jiko, na mtoto asiwe karibu. Sukari ya moto huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka kwa sababu inaganda kwenye ngozi.

Wenye kipimajoto cha jikoni wajue jambo moja. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mapishi ya sukari yaliyoandikwa kwa mtu wa Dar au Tanga yapunguze nyuzi nne, la sivyo utaunguza. Tone la maji baridi halihitaji hesabu hiyo, ndiyo maana mimi hulipendelea.

Jambo jingine ni Desemba yenyewe. Ni msimu wa mvua, hewa ina unyevu, na sukari hunyonya unyevu. Kashata iliyovunjika vizuri saa nne asubuhi inaweza kulegea jioni ikiachwa wazi mezani. Ikipoa tu, iingie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana.

Keki bila oveni inawezekana kweli, au ni maneno ya mitandaoni?

Inawezekana, na kuna akina mama wanaowapikia watu keki za ubarikio na kipaimara kwa mkaa tu. Inachotaka ni moto wa juu uzidi wa chini. Wanaoanza hufanya kinyume, keki inaungua kitako huku juu ikiwa uji.

Chukua sufuria kubwa nzito, weka ndani mchanga mkavu safi unene wa vidole viwili, funika na uipashe moto dakika kumi. Kama unatumia kokoto badala ya mchanga, zisiwe zilizookotwa majini. Jiwe lililonyonya maji hupasuka motoni, na katika jiji hili la mawe kishawishi cha kuokota lolote ni kikubwa. Kwa mchanganyiko, unga wa ngano robo kilo, majarini robo kilo, sukari gramu 200, mayai manne au matano, beking pauda vijiko viwili vya chai, na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Saga majarini na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hapa usidanganye, maana hewa unayoiingiza sasa ndiyo itakayoinua keki. Tia yai moja moja, kisha unga na beking pauda, ugeuze taratibu.

Mimina kwenye kopo au sufuria ndogo iliyopakwa majarini na unga, isizidi theluthi mbili. Itumbukize juu ya mchanga, funika, kisha hamishia makaa mengi juu ya mfuniko na uache machache chini. Usifunue kabla ya nusu saa. Kwenye dakika 40 hivi choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

Fanya kazi hii nje au barazani. Mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na huua.

Rangi za chakula ni lazima kwa sikukuu?

Hapana. Maji ya rozela yaliyochemshwa yakabaki kidogo hutoa wekundu mzuri kwenye sukari ya kupambia, na rozela iliyobaki unaipigia juisi kwa tangawizi.

Mama mkwe yuko Dar na anataka michembe. Naweza kuikausha sasa, Novemba?

Unaweza kujaribu, lakini nisingekushauri. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza. Vyote vinataka jua la kiangazi, Juni hadi Septemba, lisilokatizwa. Ukianika Novemba, mvua moja ya mchana inaleta ukungu na kazi yote inapotea. Nunua iliyokaushwa msimu uliopita. Ishike mkononi uivunje, isipovunjika kwa mlio achana nayo. Mfungie pamoja na karanga za kusaga, atajua mwenyewe cha kufanya.

Ninataka zawadi yenye ladha ya Mwanza lakini si samaki mzima. Kuna nini?

Dagaa wa kukaanga wenye viungo, waliochanganywa na karanga. Hiki ni kitafunwa kinachonipa fahari kuliko vyote katika ukurasa huu, na nashangaa watu wanaendelea kuwapa wageni biskuti za dukani.

Uchaguzi ni nusu ya kazi. Pale Mwaloni, Kirumba, uliza dagaa walioanikwa kwenye chanja, sio mchangani. Wa mchangani hata ukiwaosha mara tano bado utasikia mchanga kwenye meno, na zawadi haiwezi kuwa hivyo. Wanunue wanaong'aa rangi ya fedha, wasio na wekundu wala harufu ya mafuta yaliyochacha. Halafu angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Wapya huingia sokoni siku za giza. Idd el-Hajj huangukia tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi ikiwa imeshakua, lakini Idd el-Fitr ndiyo iliyokaa vizuri zaidi, maana huangukia tarehe mosi, usiku ukiwa bado giza. Krismasi haina utaratibu, kila mwaka inabidi utazame juu.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, chuja, wapake chumvi, kitunguu saumu na tangawizi za kutwanga, pilipili kidogo na ndimu. Waanike tena saa moja au mbili wakauke juu. Kaanga kidogo kidogo kwenye mafuta mengi ya moto mpaka wakatike kwa kelele, watandaze kwenye karatasi mafuta yanyonywe, na wakipoa kabisa changanya na karanga za chumvi. Wakifungwa wangali na joto watatoa jasho ndani ya kopo na kulegea. Wakifungwa vizuri wanakaa wiki mbili bila shida, kama hawajaliwa.

Wifi yangu ni Mwislamu na sisi ni Wakristo. Ni kitu gani salama kumpelekea?

Karibu kila kilichotajwa hapa. Karanga, kashata, visheti, dagaa na keki havina tatizo, mradi mafuta yasiwe yaliyokaangia kitu asichokula na keki isitiwe pombe. Tazama tu peremende na jeli za dukani unazopambia, kwa sababu nyingine zina jelatini ya nguruwe.

Kuhusu sahani aliyokuletea Idd, hairudi tupu. Ikitulia kwako mpaka Krismasi si aibu, aibu ni kuirudisha imeoshwa tu. Na kama nyumba yao ina mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, asipewe kitu chenye asali hata kwa kulambishwa.

Nataka mapambo ya sebule bila kununua ya plastiki.

Nenda kwa fundi cherehani wako na mfuko. Mabaki ya vitenge anayoyafagia kila jioni ndiyo duka lako, na wengi hutoa bure au kwa pesa ya soda. Kwa upande mmoja utakata pembetatu zenye upana wa kiganja, uzishone kwenye utepe mrefu, na tayari una bendera za kuzungusha ukuta mzima. Kata kwa zigizaga ili pindo lisifumuke kama huna muda wa kukunja. Changanya rangi zinazopigana bila woga, kitenge kimoja kikiwa peke yake kinapoa, vikiwa kumi vinachangamka.

Vipande vikubwa kidogo vinafaa kwa vishikio vya sufuria. Weka kitenge juu na chini, katikati tabaka mbili za taulo kuukuu au blanketi, kisha piga mishono ya kukatizana. Usiweke sponji wala kitambaa cha nailoni katikati, huyeyuka. Zawadi hii inatumika mwaka mzima, na mimi ningeipokea kwa furaha kuliko kikombe kilichoandikwa maneno ya Kizungu.

Midoli ya kitenge nayo ni rahisi, na huku hatuna udhuru wa kukosa cha kujazia, maana sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inalimwa Kanda hii ya Ziwa. Macho shona kwa uzi. Vifungo mtoto mdogo atavinyofoa na kuvimeza.

Mti wa Krismasi je?

Tawi kubwa la mvinje au mkaratusi ndani ya ndoo ya mchanga, kwa ruhusa ya mwenye mti.

Nimeona vikapu vya magugu maji. Naweza kuyavuna mwenyewe ziwani?

Magugu maji yalitokea Amerika Kusini, na yamelisumbua ziwa letu tangu kuelekea mwaka 1990, kwa hiyo kuyageuza vikapu ni kulipa deni. Ila kuyavuna si kazi ya kwenda nayo kandambili. Konokono wanaokaa kwenye mimea ya kando ya ziwa hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi iliyo ndani ya maji, hata kama hukunywa tone. Katikati ya magugu hujui pia kama kuna nyoka au mamba. Nunua mabua kwa wanaovuna, wenye mitumbwi na buti.

Mabua yakiwa mabichi ni maji karibu yote, hivyo rundo la kujaza mkokoteni likikauka hulibeba kwa mkono mmoja. Agiza mengi kuliko unavyodhani. Yaanike juani wiki moja au mbili mpaka yawe ya kahawia na yasiache unyevu ukiyabana. Yaliyokauka nusu yataota ukungu ndani ya kikapu kilichokwisha. Siku ya kusuka yapitishie kitambaa chenye maji kidogo yanyumbuke, yasuke mafundo matatu matatu uwe na kamba ndefu, kisha zungusha kamba hiyo kwenye bakuli lililopinduliwa huku ukiishona kwa uzi imara. Kikapu cha kwanza kitapinda. Kitie karanga, hakuna atakayetazama.

Mafunjo ni mepesi zaidi kwa anayeanza. Pasua ganda la nje liwe vipande vyembamba, uviloweke, na utengeneze nyota za kuning'iniza au mikeka midogo ya kuwekea glasi.

Magamba ya konokono yaliyokauka na kuwa matupu hayana madhara, unaweza kuyaokota kwenye mchanga mkavu na kuyagundisha kwenye fremu. Yaliyo majini yaache huko huko.

Watoto wako likizo na wananimaliza. Niwape kazi gani?

Wape waya, ndala zilizokatika na koleo, na kama wewe hujui kutengeneza gari, kaka yako anajua. Matairi ya ndala, usukani mrefu wa kusukumia, na bendera ya kitenge nyuma. Wadogo wape mabua ya mahindi watengeneze mitumbwi, na wape maganda marefu ya ule mti unaochanua mekundu kila Desemba. Yakikauka mbegu hugongana ndani, na yakipakwa rangi yanakuwa manyanga. Utajuta kwa kelele zake.

Kwa maumbo ya kuning'iniza kuna wanaokanda unga na chumvi. Mimi unga naula. Udongo wa kichuguu uliochekechwa na kukandwa unafanya kazi ile ile, ukauke kivulini usipasuke. Gundi ya kadi pikeni wenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo.

Mishumaa ya kwenye kopo hutengenezwaje?

Kusanya vipande vya mishumaa iliyokwisha. Viyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu nta ikizidi joto huwaka. Utambi uwe wa uzi wa pamba uliosukwa mara tatu na kuchovywa kwenye nta, wa nailoni hautafaa. Kopo la kupambia likitobolewa kwa msumari hupiga vidoa vya mwanga ukutani. Ili lisibonyee unapotoboa, lijaze maji na uyagandishe barafu kwanza. Weka mbali na pazia.

Nifungashe kwa nini, maana mifuko ya rambo haipo?

Haipo kisheria tangu 1 Juni 2019, na kwa zawadi haikuwa inapendeza hata siku zake. Tumia chupa za glasi za jamu na siagi ya karanga. Chemsha maji, zizamishe dakika kumi, zikauke kabisa, kisha kifuniko ukivike kitenge na kukifunga kwa kamba ya katani. Kwa vitu vikavu, mfuko wa karatasi ya kaki wenye karatasi ya kuokea ndani. Gazeti lisiguse chakula chenye mafuta, wino unahamia.

Andika kwenye kipande cha karatasi ni nini na kimetengenezwa lini. Ukiwa umetia karanga, sema hivyo wazi, kuna watu miili yao haizivumilii.

Kitu gani kinafika Dar kwa basi kikiwa salama?

Visheti vilivyoshikwa na shira vizuri, karanga za aina zote, michembe na dagaa wakavu. Keki ya mkaa inafika ikiwa haina krimu na imeachwa ndani ya kopo lake. Kashata zitengwe kwa karatasi kila tabaka, na zisikae upande wa jua. Juisi ya rozela usiitume kabisa, itachacha kabla ya Morogoro. Fika Nyegezi mapema umkabidhi mzigo mhudumu wa buti la basi mkono kwa mkono, jina na namba ya simu ya mpokeaji vimeandikwa pande mbili, na dagaa usiwafunge kopo moja na visheti.

Watu wamevipenda. Naweza kuanza kuviuza?

Kwa majirani na ofisini wengi huanza hivyo. Ukitaka viingie dukani vikiwa na lebo, vyakula viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, na ofisi ya SIDO Mwanza, shirika la viwanda vidogo, itakuelekeza mafunzo na vifungashio. Anza na kimoja, na kwa maoni yangu kiwe dagaa.